Gari liko juu ya mawe: kulirudisha upya, kuliendesha kwanza, au kulitia injini nyingine?

Land Rover ya marehemu baba ilisimama Moshi mwaka 2008 kwa tatizo dogo: masta silinda, yaani pampu kuu ya breki, ilikuwa inavuja. Ni Series III, ile ndefu ya 109, ya petroli. Mwaka 2010 niliamua kuifufua, nikaifungua yote. Mwaka uliofuata kazi ikasimama. Gari likakaa juu ya mawe miaka kumi, nusu likiwa uani na nusu likiwa ndani ya maboksi kwenye stoo ya mama. Lilitoka pale kwa injini yake mwaka 2022.

Miaka hiyo yote, kila ndugu aliyekuja nyumbani kwa harusi au msiba aliuliza, "Hili gari vipi?" Nami nikajibu, "Linakuja." Najua nyua nyingi zenye jibu hilo hilo: Peugeot 504 chini ya turubai lililochanika, Volkswagen Beetle ambayo kuku wanatagia siti ya nyuma. Naandika kwa wenye magari hayo, hasa yule ambaye sasa amepata pesa kidogo na anataka kuamua kabla hajamwita fundi.

Njia ni tatu. Ya kwanza ni kulirudisha gari kama lilivyotoka kiwandani: bodi inashushwa, kila kitu kinafunguliwa, kinasafishwa, kinarudi mahali pake. Ya pili ni kuliendesha kwanza: unatengeneza vile tu vinavyolizuia kutembea salama, mengine unayamalizia huku linatumika. Ya tatu ni kulitia injini ya gari jingine. Hii ya tatu ina historia yake. Vijana wa California walichukua Ford za zamani zilizokuwa rahisi, Model T na Model A, wakazipunguza uzito, na Ford alipotoa injini ya V8 mwaka 1932 wakaanza kuzitia V8 hizo kwenye bodi kuukuu na kushindania mwendo juu ya maziwa yaliyokauka kama Muroc. Magari hayo ndiyo yaliyokuja kuitwa hotirodi. Kwetu hayana jina. Tunasema tu, "Hiyo imetiwa injini ya Toyota."

Lala chini ya gari kwanza

Watu huchagua njia kwa ndoto, halafu kutu inawapangulia. Chukua bisibisi pana, tochi na kipande cha mkeka, ulale chini ya gari saa nzima. Gonga, choma, sikiliza. Kutu ina maana tofauti kwa kila gari, na hapo ndipo ulinganisho wenyewe unapoanzia.

Land Rover huwadanganya wengi kwa sababu bodi yake ni ya aloi ya alumini. Unaiona nzima, unafurahi. Chasisi yake ni ya chuma, na huoza kwenye ile mikono ya pembeni inayobeba bodi na kwenye boriti ya mwisho kule nyuma. Ule ukuta unaotenganisha injini na abiria nao ni wa chuma, na huliwa pale miguu inapokaa. Pale alumini inapogusana na chuma na maji yakaingia katikati, alumini yenyewe hugeuka unga mweupe. Uzuri ni kwamba chasisi ni kitu cha peke yake. Mchomeleaji mzuri anaweza kuiunga kipande kwa kipande, na Uingereza bado wanatengeneza chasisi mpya za magari haya, zilizochovywa zinki.

Beetle ina sakafu ya bati na bodi iliyofungwa juu yake kwa bolti. Inua siti ya nyuma, upande wa kulia, betri inapokaa. Asidi ikimwagika hapo miaka kadhaa, utaona ardhi. Sehemu nyingine mbaya ni mirija mipana iliyo chini ya milango, ile iliyotengenezwa kupitisha hewa ya moto. Hiyo ikioza bodi inalegea. Sakafu iliyooza isikuvunje moyo, maana nusu zake huuzwa mpya hadi leo.

504 ndiyo inayohitaji ukweli mkubwa. Haina chasisi, bodi ndiyo mifupa. Vizingiti vya chini ya milango vikiisha, gari linapinda. Linyanyue kwa jeki ubavuni, kisha jaribu kufungua na kufunga milango. Mlango uliokuwa unafunga vizuri ukianza kugoma, usinunue hata plagi moja kabla mchomeleaji hajakupa neno lake. Beba na sumaku. Ipitishe kwenye vizingiti na juu ya magurudumu. Isiponata, hapo kuna puti, ule udongo wa kuzibia mashimo kabla ya rangi, bati lilishakwenda zamani. (Kwa bodi ya Land Rover sumaku haikusaidii kitu, alumini hainati.)

Na ulizia gari limeishi wapi. Gari la Tanga, Mombasa au Unguja limekula chumvi ya bahari kila usiku. Lililolala Dodoma au Singida miaka hiyo hiyo mara nyingi linakuwa na mpira uliokauka na bati zima, na mpira hununuliwa.

Kulirudisha upya: njia inayopendwa na inayoua magari mengi

Nilifungua Land Rover ya baba kwa wiki sita. Kazi ya kufungua ina utamu wake. Kila jioni unaona umefanya kitu, gari linazidi kuwa jepesi, marafiki wanakuja kutazama. Bolti zote nilizitia ndoo moja. Picha nilipiga tano. Fundi niliyekuwa naye alikuwa mahiri, na kichwani mwake alijua kila kitu kinarudi wapi. Alipopata kazi migodini akaondoka na ramani hiyo. Mimi nilibaki na ndoo.

Halafu nilifanya kosa la pili: nilinunua rangi kabla ya breki. Pesa yangu ya kwanza nzuri ilikwenda kunyoosha na kupuliza rangi mabawa ya mbele, kwa sababu nilitaka mama aone kitu kinang'aa. Mabawa hayo yalikaa yameegemezwa ukutani miaka kumi, yakachubuliwa na baiskeli za watoto, na yalipofungwa rangi ilikuwa imeshakufa.

Tatizo la njia hii liko kwenye umbali. Kati ya siku unapofungua na siku unapowasha kuna miezi mingi ambayo gari haliwezi kukulipa chochote, hata safari ya dukani. Ada za shule zikija, ugonjwa ukija, kitu kisicholipa ndicho kinachosimama kwanza. Na gari lililofunguliwa likisimama, thamani yake hushuka chini ya lile lililoachwa zima.

Hata hivyo siikatai. Chasisi yako ikiwa imeliwa, huna njia nyingine, bodi itashuka utake usitake. Gari likiwa na historia inayostahili, nalo ni jambo jingine. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda mashindano ya magari ya Safari Rally mwaka 1966 na 1967 akiendesha Peugeot 404. Mtu mwenye 404 safi ya miaka hiyo, yenye injini na vyombo vyake vya asili, ana kitu ambacho hakistahili kukatwakatwa. Beetle nazo zilishinda Safari mwaka 1954, 1957 na 1962. Na kama lengo lako ni kulipeleka gari mbele ya majaji kwenye Africa Concours d'Elegance, mashindano ya umaridadi wa magari pale Ngong, Nairobi, ujue usafi na umakini wa kila kona ndivyo vinavyotazamwa. Kwa lengo hilo, rudisha upya, lakini uwe na sehemu yenye paa na mlango wa kufuli, na pesa ya chasisi, breki na injini iwe imeshatengwa kabla ya bolti ya kwanza kufunguliwa.

Kuliendesha kwanza

Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi, na nitaieleza kwa urefu kwa sababu mpangilio wake ndio kila kitu.

Anza na breki. Wengi huanza na injini kwa sababu wana hamu ya kusikia sauti, na gari likiwaka wanaliendesha uani bila breki. Oili ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, kwa hiyo gari lililosimama miaka kumi lina kutu ndani ya wili silinda zote, zile zinazosukuma breki kwenye kila gurudumu. Fungua kila dramu. Badilisha raba zote na hozi zote za mpira, hata zile zinazoonekana nzima, kwa sababu hozi kuukuu huvimba ndani na kuzuia oili isirudi, breki ikabaki imeshika. Kwa Land Rover hii ni kazi ya Jumamosi nne za mtu mmoja mwenye msaidizi. Kwa gari la baba, ndiyo kazi iliyolisimamisha tangu mwanzo. Ningeifanya 2008, nisingekuwa na la kuandika.

Pili, mafuta. Petroli ya zamani hugeuka gundi inayonuka kama vanishi. Mwaga yote, shusha tenki, lioshe, badilisha mipira yote. Mwenye Beetle asiruke hapa hata kidogo: injini iko nyuma, mpira uliopasuka unadondosha petroli juu ya chuma cha moto, na Beetle nyingi zimeungua hivyo hivyo.

Tatu ndiyo injini. Toa plagi, tia mafuta ya injini kidogo kwenye kila silinda, acha siku tatu, kisha zungusha kranki kwa mkono kwa spana. Ikigoma, ongeza mafuta na subira. Usiilazimishe kwa stata, ringi zilizoshikwa na kutu zinaweza kuvunjika. Injini ya Beetle inachukua lita mbili na nusu tu za oili na haina filta, ina chujio dogo la waya. Lifungue, utakachokikuta humo kitakueleza hali ya injini kuliko maneno ya mwenye gari. Injini hiyo hushikiliwa na bolti nne, watu wawili wenye jeki wanaishusha asubuhi moja. Kwa 504 angalia maji. Silinda hedi yake ni ya alumini, na miaka ya kutiwa maji ya bomba bila kulanti (dawa ya rejeta) huitafuna. Ukikuta oili yenye rangi ya chai ya maziwa, itabidi ufungue. Lakini injini hii ina slivu zinazochomoka, yaani mirija ambamo pistoni hutembea: unanunua seti ya slivu na pistoni, unaingiza, hakuna kuchonga bloku. Kwa mwenye kipato cha kawaida hiyo ni faida kubwa.

Jambo moja kuhusu petroli ya leo. Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa 2006, na risasi hiyo ilikuwa ikisaidia kulinda viti vya valvu kwenye injini nyingi za zamani zenye hedi ya chuma. Gari lako likiwa lilisimama kabla ya hapo, halijawahi kunywa petroli ya sasa. Hakuna haja ya kufungua hedi kwa ajili hiyo pekee. Pima nafasi za valvu mara kwa mara, na siku hedi ikishuka kwa sababu nyingine, mwambie fundi aweke viti vigumu.

Umeme na matairi nitapita haraka. Safisha kila mahali waya wa arthi unapogusa chuma, hitilafu nyingi huishia hapo. Kwenye tairi soma tarakimu nne za mwisho za ule mlolongo wa DOT: 2308 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2008. Tairi la namna hiyo lifae kuviringishia gari uani tu, hata kama kashata zake ni mpya.

Sheria niliyojiwekea 2021 niliporudi kwenye kazi ni hii: sehemu moja ikifunguliwa, inafungwa kabla ya nyingine kuguswa. Kwa kuwa gari langu lilikuwa kwenye maboksi tayari, sikuweza kuifuata njia ya pili tangu mwanzo wake, lakini niliukubali mwisho wake. Hakuna rangi, hakuna siti mpya, linatembea na kusimama tu. Jumamosi za miezi kumi na moja, fundi mmoja, nikimlipa kwa hatua iliyokamilika na spea nikinunua mwenyewe. Mlangoni bado yanasomeka maandishi ya chama cha ushirika alichofanyia kazi baba, na sasa sitaki yafutwe.

Injini ya gari jingine

Jirani yangu ana 504 ya familia. Injini yake ilipasuka bloku, akaweka ya Toyota. Sababu zake zilikuwa nzuri: spea zipo kila mtaa, kila fundi anaijua, na yeye anataka gari la kwenda shamba kila wiki. Injini ilikaa mahali pake kwa siku nne. Vitu vidogo vilichukua mwaka: mauntingi, propela shafti iliyokatwa na kuungwa ikawa inatetemeka hadi ikasawazishwa upya, rejeta isiyotosha, ekzosi inayogusa usukani, waya za spidi zisizolingana. Mwenye kupiga hesabu ya njia hii na akahesabu injini na giaboksi peke yake, amehesabu nusu.

Kwa Series Land Rover kuna la ziada. Kwenye nyingi, hasa zile fupi, hafu shafti za nyuma (vyuma vinavyozungusha magurudumu) ni nyembamba na hukatika hata kwa injini yake ya asili, na difu yake imepangwa kwa mwendo wa polepole. Ukiweka dizeli yenye nguvu kubwa, unachovunja kinahamia nyuma. Breki nazo zilipimwa kwa mwendo wa zamani. Kwa Beetle nzima sioni sababu kabisa: injini yake ni rahisi kuliko yoyote utakayoweka, na kwa kuwa Mexico waliendelea kuunda gari hilo hadi 2003, baada ya zaidi ya milioni 21 duniani, spea zake zimeendelea kutengenezwa.

Hapa ni hizo njia tatu zikiwa zimepangwa pamoja, kwa jinsi nilivyoziona mimi:

| | Kurudisha upya | Kuendesha kwanza | Injini nyingine |
|---|---|---|---|
| Inafaa ukiwa na | chasisi iliyoliwa, au gari la nadra | gari zima lililosimama tu | bodi nzuri, injini iliyokufa kabisa |
| Kinachosimamisha kazi | fedha za katikati, vifaa kupotea | haraka ya kuruka breki | vitu vidogo vya kuunganisha |
| Linatembea lini | mwisho kabisa | mapema | katikati, kisha linarudi gereji |
| Ukitaka kuuza | bei nzuri likikamilika, mbaya likiwa nusu | bei ya wastani wakati wowote | inategemea nani aliyefanya kazi |

Kuhusu spea, Land Rover na Beetle zinakaribiana kwa urahisi. 504 ni nzuri upande wa mitambo, kwa sababu iliundwa pia Kenya na Nigeria na magari ya kukatia spea bado yapo, lakini vitasa, taa na mapambo ya ndani utavitafuta kwa miezi. Ukipata gari la pili lililokufa lenye vitu hivyo, linunue zima.

Kadi, na uamuzi wa kuuza

Kuna mwenzangu mmoja wa Tanga aliyekaa na Beetle yake miaka tisa na mwisho akaiuza. Nilimuunga mkono. Sakafu haikuwepo, mirija ya pembeni haikuwepo, naye hakuwa na paa la kufanyia kazi. Kabla ya kuuza alifanya jambo moja la busara: alikusanya kila kipande kutoka kwa mafundi watatu, akafunga kwenye mifuko na kuandika jina la kila mfuko. Aliyenunua alikuwa na Beetle nyingine yenye sakafu nzima na injini mbovu. Sasa iko barabarani.

Kilichomchelewesha mwenzangu ndicho kilichonichelewesha hata mimi, na hakihusiani na njia uliyochagua. Kadi ya gari. Yangu ilikuwa na jina la baba. Ili iwe yangu ilibidi familia ikae, msimamizi wa mirathi athibitishwe mahakamani, ndipo twende TRA kubadilisha umiliki. Anayebadilisha injini ana hatua ya ziada, kwa sababu namba ya injini imo kwenye kadi, na injini mpya ije na nyaraka zake za ununuzi. Namba ya chasisi nayo ionekane wazi. Mchomeleaji asiyeambiwa anaweza kuikata na kuitupa pamoja na kipande kilichooza. Ipige picha, uisugue kwa penseli juu ya karatasi, uiweke pamoja na kadi.

Kama hujui kadi iko wapi, anza kuitafuta leo, kwenye sanduku la mzee, kabla hujashika spana.